Boti Kuukuu Uani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuikarabati Nyumbani

Nairobi haina bahari wala ziwa, lakini ina boti. Vizazi kadhaa vya watoto wa jiji hili vilipanda boti kwa mara ya kwanza kwenye kidimbwi cha Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Upande wa Lang'ata, Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 liliwahi kuwa mahali pa mashua za tanga na wavuvi wa wikendi. Hadi leo si ajabu kuona, nyuma ya ua la nyumba huko Karen, Lang'ata au Dagoretti, boti ndogo ya faiba imelala juu ya trela, turubai limechanika, ikisubiri mtu wa kuifufua aipeleke Naivasha.

Kazi hiyo inawezekana kufanyika nyumbani. Faiba haiozi kama mbao wala haishiki kutu kama bati, na boti ya miaka thelathini inaweza kurudi majini ikiwa salama. Lakini ni kazi inayoleta petroli, kemikali kali, vumbi la kioo na oili chafu ndani ya ua ambalo mara nyingi lina watoto, jiko na majirani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuifanya bila kuumiza mtu, bila kuchafua mto, na bila kuzindua chombo kitakachozama na familia ndani.

Kwa nini kaunti inazungumzia boti?

Baadhi ya wakazi watauliza hivyo, na swali ni la haki. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, pamoja na huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Boti inapokarabatiwa nyumbani inagusa mambo hayo yote. Usajili na ukaguzi wa chombo chenyewe ni kazi ya serikali ya kitaifa kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Majini, inayojulikana zaidi kama KMA. Kwa hiyo mkazi anayefufua boti ana milango miwili ya kubisha: kaunti anapofanya kazi, na KMA kabla ya kuingia majini.

Kabla hujalipa hata shilingi moja

Anza na karatasi, si na rangi. Muuzaji akupe hati ya mauziano yenye jina lake, nambari ya kitambulisho chake, na nambari ya injini. Itafute nambari hiyo kwenye injini yenyewe, kwa kawaida kwenye kibati kidogo karibu na mahali inaposhikana na boti. Ikiwa imekwaruzwa au kibati kimeng'olewa, acha. Wizi wa injini za boti ni kilio cha miaka mingi cha wavuvi wa Ziwa Victoria, na injini inayouzwa Nairobi kwa bei ya kutupa inaweza kuwa mkate wa familia nyingine kule Homa Bay au Busia. Ukikutwa nayo, maelezo yatakuwa yako kutoa.

Trela nayo inahitaji usajili wake kama chombo cha barabarani, na hilo huangaliwa na NTSA. Trela isiyo na nambari haiwezi kuvuta boti hadi Naivasha kihalali, hata kama boti yenyewe ina kila kibali.

Gonga, kisha sikiliza

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini. Juu yake kuna ngozi nyembamba yenye rangi na mng'ao, ambayo mafundi huiita jelikoti. Nyufa ndogo ndogo za jelikoti, nyembamba kama unywele, si hatari kubwa. Hatari iko chini yake.

Chukua nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi, ugonge boti polepole kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Mahali pazima hutoa sauti kali na fupi. Mahali ambapo tabaka zimeachana au mbao ya ndani imeoza hutoa sauti nzito iliyokufa, kama ya kugonga kadibodi iliyolowa. Zungushia chaki kila sehemu ya aina hiyo. Ukimaliza, chaki itakuwa imekuchorea ramani ya kazi yako.

Sehemu tatu zinastahili muda zaidi.

Ya kwanza ni ubao wa tezi, ule ukuta wa nyuma unaobeba injini. Katika boti nyingi za zamani, katikati ya tabaka mbili za faiba kuna plaiwudi. Maji hupenya kupitia matundu ya bolti ambayo hayakuzibwa vizuri, na plaiwudi huoza ndani huku nje pakionekana safi. Shika mguu wa injini uuinue na kuushusha huku mtu mwingine akitazama ubao. Ukicheza au ukapinda, umeoza. Njia nyingine ni kutoboa tundu dogo kwa ndani na kuangalia unga unaotoka: mweupe na mkavu ni dalili njema; mweusi, uliolowa na wenye harufu ya uozo unamaanisha ubao mzima ubadilishwe. Injini ya nguvu ya farasi 25 ina uzito wa takriban kilo 50, na ikisukuma kwa kasi mzigo huongezeka. Ubao uliooza unaweza kung'oka katikati ya ziwa na kuacha tundu ambalo hakuna ndoo itakayolimudu.

Ya pili ni mataruma na sakafu. Kanyaga kila sehemu kwa kisigino. Sakafu inayobonyea ina mbao zilizooza chini yake.

Ya tatu ni povu la kuelea lililo chini ya sakafu na viti. Povu hili ndilo linaloifanya boti ibaki juu hata ikijaa maji. Likizeeka hunyonya maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hivyo povu lililonyonya lita 80 limebeba uzito wa mtu mzima ambaye hayupo kwenye hesabu ya abiria. Litoe, lakini usifunge sakafu kabla ya kuweka povu jipya la aina isiyonyonya maji. Wapo wanaolitupa wakifurahia nafasi ya kuweka vitu. Boti ya namna hiyo ikijaa maji huenda chini kama jiwe.

Kuziba faiba hatua kwa hatua

Chukua mfano wa ufa uliopenya ukuta wa boti wenye unene wa milimita 5. Kosa la kawaida ni kupaka faiba juu ya ufa kama plasta. Kiraka hicho hushika kwa miezi michache kisha hubanduka. Njia sahihi ni kusaga kingo ziwe mteremko mrefu, ili kiraka kipya kishike eneo pana. Kanuni ya mafundi ni mara 12 ya unene: milimita 5 kwa 12 ni milimita 60, hivyo utasaga sentimita 6 kila upande wa ufa.

Futa vumbi, pangusa kwa asetoni na uache pakauke kabisa. Kata vipande vya mati ya nyuzi za kioo, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ambayo ni ya kawaida madukani, ikilowa rezini huwa na unene wa karibu milimita 1. Kwa mfano wetu unahitaji tabaka tano. Rezini huwa takriban mara mbili ya uzito wa mati, au zaidi kidogo. Lowesha kila tabaka kwa brashi na utoe mapovu ya hewa kwa rola. Usiweke zaidi ya tabaka tatu au nne kwa mkupuo, kwa sababu rezini hutoa joto inapoganda, na tabaka nene hupasuka au kuanza kutoa moshi.

Rezini haigandi bila kigumishi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo 1 ya rezini, lakini fuata maandishi ya chupa uliyonunua. Pima kwa mizani ndogo au kikombe chenye alama, si kwa kukadiria kwa macho. Changanya kiasi kidogo unachoweza kumaliza ndani ya dakika 10 hadi 15.

Hali ya hewa ya Nairobi ina neno lake hapa. Rezini ya aina hii haipendi joto la chini ya nyuzi 15. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi upande wa Dagoretti na Karen joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na rezini hubaki laini siku nzima. Baadhi ya mafundi huongeza kigumishi ili kulazimisha. Matokeo ni faiba iliyo kavu juu na dhaifu ndani. Ni heri kusubiri saa sita mchana jua likiwa juu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, inahitaji paa, kwa kuwa unyevu huzuia rezini kushika. Januari na Februari ndiyo miezi rafiki zaidi.

Kama hujawahi kushika faiba, anza na kiraka cha majaribio kwenye kipande cha plaiwudi, au mtafute fundi wa jua kali anayetengeneza matangi, bodi za magari au vipuri vya pikipiki kwa faiba. Ustadi ni uleule. Plaiwudi ya kuvumilia maji utaiulizia kwa wauzaji wa mbao wanaowauzia maseremala wa Ngong Road, kazi za kukunja bati na kulehemu zina wenyewe Kamukunji, na vipuri vingi vidogo vya injini, kama plagi, mipira na mabomba ya mafuta, huanzia kutafutwa Kirinyaga Road. Vijana wanaotaka kujifunza ufundi wa injini rasmi wanaweza kuuliza nafasi katika vituo vya mafunzo ya kiufundi vya kaunti, kikiwemo cha Waithaka.

Vumbi, mvuke na moto

Hapa ndipo tunapoomba usomaji wa polepole.

Vumbi la faiba ni vipande vidogo vya kioo. Huwasha ngozi, huumiza macho na huingia mapafuni. Vaa miwani iliyofunga pande zote, glavu, nguo za mikono mirefu na barakoa ya kuchuja vumbi inayokaa vizuri usoni. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Kusaga kwa maji kunapunguza vumbi, lakini tumia msasa wa mkono kwa kazi hiyo. Grainda ya umeme na maji ni mauti. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Ukimaliza oga kwa maji baridi kwanza, kwani maji moto hufungua vitundu vya ngozi na vumbi likaingia ndani.

Mvuke wa rezini ni jambo jingine. Barakoa ya vumbi haiuzuii hata kidogo. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mvuke wa kemikali, na mahali penye upepo. Usifanyie kazi hii ndani ya gereji iliyofungwa, wala chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kuuma, toka nje mara moja.

Kigumishi ndicho kitu cha kuogopwa zaidi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Weka ndoo au mfereji wa maji safi karibu kabla hujafungua chupa. Likitokea, osha jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda hospitali. Ikiwa rezini yako inauzwa pamoja na kemikali mbili, kichapushi na kigumishi, kamwe usizichanganye zenyewe kwa zenyewe, maana hulipuka. Koroga kichapushi ndani ya rezini kwanza hadi kipotee, ndipo uongeze kigumishi. Usihifadhi kigumishi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano.

Rezini iliyobaki kwenye mkebe huendelea kupata joto na inaweza kuwaka. Iache nje, juu ya saruji, mbali na karatasi na matambara, hadi igande na kupoa.

Petroli huleta hatari isiyoonekana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kukaa chini ya boti kama maji yasiyo na rangi. Cheche ya swichi, ya betri au ya jiko lililo hatua chache kutoka hapo inatosha. Toa mafuta yote ya zamani kabla ya kuanza kazi yoyote. Hifadhi petroli kidogo tu, kwenye mtungi uliotengenezwa kwa ajili yake, nje ya nyumba na mahali pa kufungwa. Weka kizimamoto cha unga au cha povu karibu. Maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza. Moto ukikushinda kwa sekunde chache za kwanza, ondoa watu, funga geti la ndani, kisha piga 999 au 112. Eleza barabara, jina la ploti na alama ya karibu, na utaje kwamba kuna petroli na kemikali, ili kikosi cha zimamoto kije na vifaa vinavyofaa.

Injini iliyolala miaka mingi

Usivute kamba ya kuwashia kwa pupa. Injini iliyokaa muda mrefu inaweza kuwa imeshika kutu ndani, na nguvu zako zitavunja kilichokuwa kizima. Fungua plagi, tia oili kidogo kwenye kila tundu, uache usiku mzima. Siku ya pili zungusha gurudumu la juu kwa mkono. Likizunguka laini, endelea kwa mpangilio huu.

Pima mgandamizo wa hewa katika kila silinda kwa kutumia geji. Kinachokuambia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi karibu asilimia 10, kuna ringi, pistoni au gasketi yenye shida, na sasa ndio wakati wa kuamua kama injini hiyo inafaa gharama.

Hakikisha cheche. Weka plagi mpya, kisha kagua nyaya. Mpira uliopasuka ubadilishwe.

Safisha kabureta. Petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba vitundu vidogo. Badilisha pia mabomba yote ya mafuta, kwa sababu bomba lililokauka huvuja mahali pabaya zaidi, karibu na injini yenye joto.

Badilisha impela ya pampu ya maji, yaani lile gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya kupoza injini. Ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Ni kipuri kidogo, nacho kikishindwa huua injini nzima.

Kagua oili ya gia kwa kufungua skrubu ya chini. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mipira ya kuzuia imekwisha.

Ndipo uwashe, na si hewani. Impela hupozwa na maji hayohayo inayovuta, na ikizunguka kavu huungua kwa sekunde chache. Ondoa propela, ingiza mguu wa injini kwenye pipa la maji hadi maji yapite juu ya pampu, kisha washa. Angalia mchirizi wa maji unaotoka pembeni. Usipotoka, zima papo hapo.

Injini nyingi za zamani ni za mipigo miwili na huchanganya oili ndani ya petroli. Uwiano wa 50 kwa 1 unamaanisha mililita 20 za oili kwa kila lita 1, au mililita 200 kwa lita 10. Injini nyingine, hasa za zamani zaidi, hutaka oili nyingi kuliko hiyo. Tafuta kitabu cha modeli yako, au mwulize fundi anayeijua. Tumia oili ya injini za boti za mipigo miwili, si ya gari. Na usiwashe injini ndani ya gereji, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Mwinuko wa Nairobi

Jambo moja huwachanganya wengi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha liko juu zaidi kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, ambayo ni karibu asilimia 18 hapa kwetu. Injini ya nguvu ya farasi 25 hufanya kazi kama ya 20 hivi. Kwa hiyo ikionekana nzito Naivasha huenda haina ugonjwa wowote, na hata geji ya mgandamizo itasoma chini kuliko kitabu kinavyosema.

Kwa sababu hewa ni kidogo, petroli huzidi, plagi huwa nyeusi na moshi huongezeka. Fundi huweza kuweka tundu dogo zaidi la mafuta kwenye kabureta, na injini ikachangamka. Ni sawa, mradi uandike. Boti hiyohiyo ikipelekwa Kilifi au Mombasa bila kurudisha tundu la asili, petroli itapungua kuliko inavyohitajika, joto litapanda na pistoni itatoboka, pengine mbali na ufuo. Bandika kibandiko ndani ya kifuniko cha injini: "Imerekebishwa kwa Nairobi na Naivasha." Mtu atakayeinunua baada yako atakushukuru.

Taka zako zinaishia wapi?

Mto Motoine hutiririka kutoka upande wa Dagoretti na kuingia Bwawa la Nairobi. Lile bwawa la mashua za tanga limesongwa na magugu maji, tope na majitaka. Halikuharibiwa na mtu mmoja kwa siku moja. Liliharibiwa kidogo kidogo, kutoka mitaroni. Maji yakitoka hapo huwa Mto Ngong, huungana na Mto Nairobi, huingia Athi, na mwisho hufika Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Oili inayomwagwa mtaroni Kawangware au Lang'ata inaanza safari hiyohiyo.

Oili chafu na petroli ya zamani ziweke kwenye mitungi tofauti iliyofungwa na kuandikwa, uzipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu kwa ajili ya wachukuzi wenye leseni ya NEMA. Betri zipelekwe kwa wanaozirejeleza. Rezini iliyobaki igandishwe kwanza, kwa sababu ikiwa ngumu haina hatari kama ikiwa majimaji. Vipande na vumbi la faiba vifungwe kwenye mifuko imara kabla ya kumkabidhi mzoaji taka aliyesajiliwa, na umwambie kilichomo ili asijeruhiwe.

Usichome faiba. Moshi wake mweusi ni sumu, na kuchoma taka uani ni kosa. Pia usikwangue rangi ya chini ya boti ikiwa kavu. Rangi za zamani za kuzuia viumbe wa baharini zilikuwa na shaba, na nyingine bati lenye sumu kali ambalo mkataba wa kimataifa uliopiga marufuku matumizi yake ulianza kutekelezwa mwaka 2008. Ilowanishe, tandaza plastiki chini, na kukusanya kila kipande.

Majirani pia ni sehemu ya mradi

Ikiwa umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Waambie majirani mapema ni siku gani utasaga na siku gani utajaribu injini. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa 2 jioni hadi saa 12 asubuhi, na viwango vya mitaa ya makazi ni vya chini hata mchana. Injini ya boti ndani ya pipa inasikika ploti kadhaa. Ijaribu mchana, kwa dakika chache, na si wakati wa ibada au siku za mitihani. Boti na trela zisiwekwe kwenye hifadhi ya barabara wala njia ya waenda kwa miguu.

Kwa upande wa pili, jirani anayekerwa na vumbi au harufu aanze kwa kuzungumza. Yakishindikana, apeleke malalamiko kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, ambayo itayafikisha kwa maafisa wa mazingira wa kaunti.

Kabla ya kuingia majini

Boti iliyopakwa rangi ikang'aa bado si boti salama. Wasiliana na KMA kuhusu usajili, ukaguzi na leseni ya chombo chako. Iweke majini mara ya kwanza karibu na ufuo, bila abiria, ikiwa imefungwa kamba, kwa saa moja nzima, kisha angalia kama kuna maji yaliyoingia. Kila aliyemo, mtoto kwa mkubwa, awe na jaketi lake la kuokoa maisha linalomtosha, na alivae. Beba kasia, ndoo, kizimamoto, filimbi na simu kwenye mfuko usioingiza maji. Mwachie mtu wa nchi kavu taarifa ya mnakokwenda na saa ya kurudi. Naivasha ina viboko, na upepo wa alasiri huamsha mawimbi makubwa kuliko yanavyotarajiwa na mgeni. Fuata ushauri wa wenyeji.

Kwa ufupi, kabla ya kuanza:

1. Hati ya mauziano na nambari ya injini ziko sawa.
2. Boti imegongwa yote. Ubao wa tezi, sakafu na povu vimekaguliwa.
3. Mafuta ya zamani yametolewa, kizimamoto kipo, watoto wako mbali.
4. Miwani, glavu na barakoa za aina mbili, ya vumbi na ya mvuke, zimenunuliwa kabla ya rezini.
5. Mitungi ya taka imeandikwa, na unajua itapelekwa wapi.
6. Mwenye nyumba na majirani wanajua ratiba.
7. Injini itajaribiwa ndani ya maji, nje ya nyumba, mchana.
8. KMA imeulizwa mapema, si siku ya safari.

Ukiona kipengele ambacho huwezi kukitimiza kwa sasa, ahirisha. Boti iliyosubiri miaka thelathini inaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi.